Wema Hauozi, Chumvi Je?

Kutoka Chemchem kwenda Kwihara kwa bodaboda si safari ndefu. Unaiacha miembe ya mjini, unapita mashamba, kisha unaliona tembe lenye kuta nyekundu, kumbukumbu ya nyumba aliyokaa David Livingstone mwaka 1872. Alikaa na Stanley hadi Machi; Stanley aliposhika njia ya pwani, yeye akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti. Wageni wengi hupiga picha mlangoni na kuondoka. Mimi, tangu nisome riwaya ya Petina Gappah, Out of Darkness, Shining Light (2019), nikifika pale huwaza zaidi msafara uliomrudisha akiwa maiti.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika na kutawanyika, na nani angewalaumu? Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakajitwika. Oktoba walikuwa Unyanyembe. Februari 1874, Bagamoyo. Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, anauliza walichokuwa wakikitafuta. Mtu hufaidi nini akimsaidia asiyeweza tena kusema ahsante?

Sehemu kubwa ya jibu ameikabidhi kwa Halima, mpishi. Halima hakubuniwa tu. Livingstone anamtaja katika shajara zake, na mwaka 1872 aliandika kwamba atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani wakifika Zanzibar. Mwenye kuahidi akafa njiani. Katika riwaya, mama huyu asiyefunga mdomo anamcheka Bwana wake aliyeacha watoto ili atafute chanzo cha mto, anamlilia, na papo hapo anaiwaza nyumba yake. Hapa ndipo Gappah alipofaulu. Hatulazimishi kuchagua kati ya wema na maslahi. Halima anavyo vyote viwili moyoni, kama sisi, wala kimoja hakikifanyi kingine kuwa uongo.

Msimulizi wa pili, Jacob Wainwright, hakunivuta hivyo. Alikuwa mateka aliyekombolewa akasomeshwa na wamisionari kule Nasik, India. Kwa Gappah ni kijana mwenye majivuno ya dini, na lugha yake ni ya mimbarini. Najua mwandishi amefanya makusudi ili tumcheke, lakini kichekesho kinarefushwa mno, na mara kadhaa nilijikuta nikifunua kurasa mbele nikimtafuta Halima. Hata hivyo Jacob ana kazi yake. Anatuonyesha mtu anayetenda wema huku akijitazama kwenye kioo, na wengi wetu tunamfahamu.

Ushahidi wa faida ya wema ule, kwangu mimi, uko hapa hapa kwetu Unyanyembe. Msafara ulipofika, ulimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliona ingefaa mwili uzikwe hapa. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, walisikia kwamba wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite. Chuma na Susi walimsimulia Horace Waller hila waliyoitunga: walikata mabua marefu, wakayaviringisha nguo yafanane na maiti, wakatuma watu sita wairudishe "maiti" hiyo Unyanyembe ikazikwe. Usiku wale sita wakayatupa mabua porini moja moja, wakarudi kwa wenzao. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya kama mtumba wa kawaida wa bidhaa.

Hila hii inanifurahisha kuliko sifa zote za uaminifu. Hapa hakuna mtumishi anayetii. Bwana amekufa, na mzungu aliyepo ameshauri vingine. Wayao, watu wa Zambezi, vijana wa Nasik, watu ambao wengi waliwahi kuamuliwa maisha na wengine, sasa wanaamua wenyewe na kulindana. Walidhani wanambeba Livingstone, kumbe mzigo ule ndio uliowafanya wawe kundi lenye neno moja. Hiyo ndiyo faida, na hawakupewa na mtu.

Walichopewa na watu ni kidogo. Unguja walilipwa ujira wao wakaachishwa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kule London kilitengeneza nishani zenye maneno ya kusifu uaminifu wao hadi mwisho, wakati wengi walikwisha kutawanyika. Jacob peke yake, kati ya waliosafiri na mwili, alifika mazishini Westminster Abbey, Aprili 1874. Alifariki mwaka 1892, Urambo, mkoani kwetu.

Ndiyo maana naisoma riwaya hii kwa tahadhari. "Wema hauozi," huambiwa kijana mwenye shahada anayefundisha kwa kujitolea mwaka wa tatu akingoja ajira, na mara nyingi anayemwambia ndiye mwenye kumlipa. Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenye njia hii walijua jambo tunalolisahau: upagazi ulikuwa kazi, na kazi ina ujira. Mpagazi kudai kitambaa chake hakukupunguza utu wake. Halima naye hapunguziwi wema kwa kuikumbuka nyumba aliyoahidiwa.

Kusaidia kunamjenga anayesaidia. Njia ya Unyanyembe ni shahidi. Lakini faida hiyo ni ya msaidizi kuitaja, si ya mdeni kujifichia. Methali inasema wema hauozi. Mwili ule pia haukuoza, kwa sababu kulikuwa na watu walioupaka chumvi, na watu hao walikuwa na majina.