Mto wa Pili

Msomaji wa kipimo cha mto hana haraka. Asubuhi na mapema anachuchumaa ukingoni mwa Chania, mjini Thika, macho yake kwenye ubao wa chuma uliosimama wima majini, wenye mistari ya sentimita kama rula ya mwanafunzi. Wimbi linapanda, linashuka. Hachukui namba ya juu wala ya chini. Anangoja wimbi litulie, kisha anaandika ya katikati. Mita 0.74. Anafunga daftari, anakwenda kukamua ng'ombe.

Pacha wa kidijitali huzaliwa hapo, kabla kompyuta haijawashwa.

Chukua bonde la Thika na Chania, kuanzia misitu ya Aberdare hadi mjini. Ligawe vipande vidogo, kila kimoja na mteremko wake, udongo wake na mmea wake: chai juu, kahawa chini yake, mahindi na maharagwe kwenye vishamba vya kando ya mto. Kipe kila kipande mvua ya jana. Kompyuta ihesabu ni maji kiasi gani yamezama, kiasi gani yamenyonywa na mizizi yakapaa tena hewani, kiasi gani yametiririka yakibeba udongo mwekundu. Huo ni mfano. Sasa uunganishe na mto wenyewe, ili namba za ubaoni na za vihisi vya bwawani ziingie kila siku. Umekuwa kivuli, kwa maana unamfuata mwenye mwili kila aendako. Na siku kivuli kitakapomsemesha mwenye mwili, kikasema punguzeni maji bwawani leo kwa kuwa kesho mvua ni kubwa, na maji yakapunguzwa kweli, basi hao ni mapacha.

Huku kwetu safari hiyo imeanza. Mwaka 2015 ulipozinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wataalamu walikuwa wameshayajenga mabonde matatu ndani ya kompyuta: Sagana-Gura, Maragua na Thika-Chania. Walipanda nyasi za napia na kuchimba matuta kwenye mashamba ya tarakimu, wakayanyeshea mvua, wakapima tope. Hesabu yao ilitoa jibu kwamba dola milioni 10 zikitumika kuutunza udongo, faida katika miaka 30 ingefika dola milioni 21.5. Mfano ule haukuwa pacha kamili, lakini uliipa kampuni ya maji ya Nairobi, na ile ya umeme ya KenGen, sababu ya kumjali mkulima wa mteremkoni. Bwawa halisi, kama la Ndakaini lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, halifanyiwi majaribio. Huwezi kuwaambia watu wa Thika na Nairobi wavumilie kiu miaka mitano ili uone kama nyasi zinazuia tope. Mto wa pili, ule wa ndani ya kompyuta, unaweza kukauka, kufurika na kujaa matope mara elfu, na hakuna mtoto atakayelala bila kuoga.

Mimi nakaa Ruiru. Siku ya maji naijua kwa bomba linavyokohoa hewa kwanza. Ndiyo maana kazi hii ya kujenga mto wa pili naipenda kwa moyo wote, na hasa ile sehemu yake isiyoonekana, ya kulinganisha.

Fundi anayeujenga mfano ana mistari miwili kwenye skrini, mmoja wa mto uliopimwa, mwingine wa mto uliokisiwa. Novemba mstari wa kukisia unapaa mno, unaonyesha mafuriko ambayo hayakutokea. Angeweza kuzisukuma namba hadi mistari ilaliane. Mfano ungependeza macho, na ungekuwa mwongo. Fundi wa kweli anatoka, anakwenda shambani na jembe, anachimba. Anakuta udongo wa volkano, mzito na wenye kina kirefu, unaoyameza maji na kuyaachia mto kidogo kidogo wiki nzima. Yeye alikuwa ameukadiria kuwa wa kina kifupi. Anarudi, anarekebisha kina. Halafu anajitega mwenyewe: miaka kadhaa ya madaftari ya mto alikuwa ameificha, hakuigusa wakati wa kujenga. Sasa anaifungua, aone kama mto wake utalingana na miaka hiyo bila kusaidiwa. Sijaona uaminifu mkubwa kuliko huo katika kazi ya kompyuta.

Na yote yanategemea daftari.

Aprili, mvua ikikesha huko Gatanga, Chania huamka na rangi ya chai ya maziwa. Mistari ya chini ya ubao imemezwa, ukingo unateleza. Msomaji anashika mti kwa mkono mmoja, anangoja wimbi, anaandika mita 2.10. Anatazama tena. Anakata, anaandika 2.08.