Mashine ya TIG kwa gereji ya Nakuru: tuanze na gesi

Gereji za Nakuru huiogopa TIG, uchomeleaji wa ncha ya tangsteni unaokingwa na gesi, kwa bei ya mashine, ilhali mashine hununuliwa mara moja na gesi hununuliwa maisha. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 hubeba takriban lita 10,000 za argoni. Tochi ikipitisha lita 8 kwa dakika, fundi anapata zaidi ya saa 20 za kuchomelea kwenyewe. Mtungi mdogo wa lita 10, wenye bar 150, humpa saa 3 tu. Na uwanja ukiwa wazi, upepo wa Bonde la Ufa ukivuma, fundi hushawishika kufungua gesi hadi lita 15. Hapo mtungi mdogo huisha kwa saa 1 na dakika 40, na mshono bado una vitundu, kwa kuwa gesi inayotoka kwa kasi huvuruga hewa na kuivuta ndani ya moto. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye mtungi mkubwa, regulata yenye kipimo cha mtiririko kinachosomeka, na kizuizi cha mabati upande upepo unakotokea. Kinachobaki ndicho kinunue mashine.

Mashine yenyewe inaweza kuwa inverta ndogo ya DC, ile inayochoma pia kwa vijiti, yenye tochi ya valvu ya mkono na inayowashwa kwa kugusa na kuinua. Kazi ya magari haihitaji nguvu nyingi. Kwa chuma, kadiria ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Bomba la moshi la milimita 1.5 linaomba 60 hivi, na bodi ya gari, ambayo mara nyingi haifiki milimita 1, inaomba chini ya hapo. Wapo wanaosema stima ya soketi ya kawaida haitaweza. Hesabu inasema kinyume: kwa ampea 100, TIG huhitaji volti 14 hivi na kijiti huhitaji 24, yaani kilowati 1.4 dhidi ya 2.4 kwenye mshono. Soketi inayobeba kijiti haitashindwa na TIG.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba MIG, inayolisha waya yenyewe, ina kasi. Ni kweli, na kwa kubadilisha paneli ndefu za bodi ningeichagua MIG bila kusita. Lakini magari mengi hapa yalitumika Japani kabla ya kuletwa, na mabomba yake ya moshi mara nyingi ni ya chuma kisichoshika kutu. Hapo TIG hulipa: joto linadhibitika, na waya wa 309L huunganisha chuma hicho na chuma cha kawaida. Fundi apitishe argoni kidogo ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani huungua na kuwa na chembechembe nyeusi. Kwa tangsteni, achague ya lanthani au seri. Ile ya thoriamu ina mnururisho, na vumbi lake wakati wa kunoa halifai mapafuni. Na asisafishe kamwe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea, maana mwanga na joto la moto huigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua.

Je, rejeta na sampu za alumini? DC ya kawaida haizifai. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, ilhali utando wa oksidi juu yake hustahimili hadi zaidi ya 2,000. AC ndiyo huuvunja utando huo. Mashine ya AC na DC hugharimu zaidi, na sampu iliyolowa oili miaka mingi hutoa vitundu hata kwenye mikono ya fundi hodari. Kazi hizo zipelekwe kwa mwenye AC kwa malipo ya kila kipande, na ziandikwe daftarini. Malipo hayo yakikaribia tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili, gereji inunue ya AC. Mtungi, regulata na kizuizi cha upepo vitatumika vilevile.