Mbio za Polepole

Steve Austin nilimjua kwa miguu ya kaka yangu kabla sijamwona kwenye kioo. Jioni moja kaka alirudi kutoka kwa jirani mwenye televisheni, akasimama katikati ya ua, akainua goti taratibu kama mtu anayevuka maji ya kiunoni. Mkono ukafuata, kisha goti la pili. Uso kaukunja, na mdomoni inamtoka sauti ya kukwaruza, tch-tch-tch-tch, kama spoku za baiskeli zikipigwa kijiti. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamtazama, akamuuliza kama tumbo linamuuma.

"Nakimbia," kaka akasema. "Hapa naliacha gari."

Nikaamini. Tangu siku ile nimeona mashujaa wengi wa televisheni, wanaopaa angani, wanaopenya kuta, wanaogeuka kijani wakikasirika, na bado sijaona ufundi ulionikaa moyoni kama ule wa kuonyesha kasi kwa kuipunguza.

Kipindi chenyewe ni The Six Million Dollar Man. Filamu yake ya kwanza ilirushwa Marekani na kituo cha ABC mwezi Machi 1973, mfululizo wa kila wiki ukaanza Januari 1974 ukaenda hadi Machi 1978. Austin, aliyeigizwa na Lee Majors, ni rubani wa majaribio aliyewahi kukanyaga mwezi. Ndege yake inaanguka. Anapoteza miguu yote miwili, mkono wa kulia na jicho la kushoto. Ofisi moja ya upelelezi ya serikali inatoa dola milioni 6, daktari Rudy Wells anampachika viungo vya bayoniki, na mkubwa wa ofisi, Oscar Goldman, anaanza kumtuma huku na kule. Ukilitazama bila mapambo, jamaa amekuwa gari la serikali lenye roho. Ana jicho la kuvuta vitu vya mbali, mkono wa kung'oa mlango, na miguu ya kukimbia maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 100.

Hapo ndipo kazi ya mafundi ilipoanza. Mtu wa kilomita 100 kwa saa utamwonyeshaje, kila wiki, kwa pesa za televisheni za wakati ule? Njia ya mkato ilikuwepo na ilikuwa ya zamani. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ukipiga chache kuliko hizo kisha ukazionyesha kwa mwendo wa kawaida, mtu anakwenda mbio. Lakini anakwenda mbio kama kuku aliyemwagiwa maji. Sote tunazijua zile filamu za kale zisizo na sauti, polisi wanamfukuza mwizi kwa vijihatua vya haraka haraka na ukumbi mzima unacheka. Shujaa wa namna hiyo angekufa siku ya kwanza, tena kwa kuchekwa.

Basi wakageuza. Wakaizungusha kamera kwa kasi, wakachukua picha nyingi kuliko 24 kwa kila sekunde, halafu wakaziachia zitembee kwa mwendo wake wa kila siku. Steringi anayelishinda gari akawa anaonekana polepole kuliko mimi nikitumwa chumvi dukani. Si wao waliobuni mbinu hiyo. Kwenye kituo hichohicho, Kung Fu ya David Carradine ilikuwa imekwisha kuitumia kwenye mapigano. Ila pale polepole ilikuwa polepole, ya kukupa nafasi uone teke linavyoingia. Huku mtazamaji aliambiwa asome kinyume cha anachokiona, akasoma bila kufundishwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulikubali upesi hivyo. Nadhani sisi tulikuwa tumeandaliwa nyumbani. Bibi, baada ya paukwa na pakawa, alipofika mahali sungura anapotoroka hakuwahi kuyaharakisha maneno. Aliyavuta. "Akakimbiaaaa... akakimbia, akakimbia, akakimbiaaaa." Kadiri irabu ilivyorefuka ndivyo sungura alivyozidi kwenda, na sisi tulishika pumzi mpaka bibi avute yake. Hakuna aliyemwambia kwamba sungura wake anachelewa. Na nje ya hadithi mambo ni yaleyale. Sahani ikikuponyoka mkononi hufika sakafuni mara moja, lakini wewe uliyeiangusha uliiona inashuka kwa raha zake, inageuka upande, ua lake linatazama juu, na ulipata hata muda wa kufikiria utakavyogombezwa.

Kuna pia suala la uzito. Mtu aliyeharakishwa anakuwa karatasi, mtu aliyepunguzwa anakuwa na kilo zake. Tazama pale mwanzoni mwa kila kipindi, Majors amevaa suti ya mazoezi nyekundu, anakimbia. Unaliona paja linavyojikaza, nywele zinainuka na kutua, nguo inabaki nyuma kidogo halafu inaufuata mwili. Kama mwigizaji, Majors hakuwa mtu wa machozi. Akilitumia lile jicho alikunja uso kidogo akanyanyua nyusi, basi, na kazi imekwisha. Lakini alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani alipokuwa chuoni, na ukikipunguza mwendo kiwiliwili kisichojua kukimbia, aibu yake yote inatoka nje. Chake hakikutoa aibu.

Sauti ndiyo iliyofunga mkataba. Nimewahi kufanya jaribio dogo ambalo namshauri kila mtu alifanye, kuitazama mbio ile huku sauti imezimwa kabisa. Kilichobaki ni bwana mmoja mwenye afya anayekimbia kwenye tangazo la dawa ya meno. Rudisha sauti, ule mkwaruzo wa chuma kikigonga chuma, na papo hapo miguu inakuwa mashine. Jicho nalo lilikuwa na mlio wake wa kudonoadonoa. Fundi sauti hajulikani hata kwa jina kwa wengi wetu, na ndiye aliyemtengeneza Austin kuliko daktari Wells.

Ufundi mwingine ulikuwa wa bei rahisi zaidi, nami naupenda kwa sababu hiyo. Kuruka juu ya ukuta kulifanywa na mrukaji wa kulipwa aliyejirusha chini kinyumenyume, kisha mkanda ukachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ukitaka kumkamata fundi mkono, usimtazame mrukaji. Tazama nywele zinazosimama wakati zingepaswa kulala, au vumbi linalokusanyika kuelekea viatuni badala ya kutawanyika. Mimi nikiliona vumbi la namna hiyo hupata furaha ileile ya kuona uzi wa fundi cherehani upande wa ndani wa koti.

Si kila kitu kilikuwa cha kushonwa lakini. Ile ajali ya mwanzo, ndege inayobiringika jangwani vipande vikiruka, ni ajali ya kweli. Tarehe 10 Mei 1967, huko Edwards, California, rubani wa NASA aitwaye Bruce Peterson alianguka na M2-F2, chombo kisicho na mabawa, chenye umbo kama boti iliyokatwa. Aliumia vibaya, akapona, ila jicho moja lilipoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya maambukizi. Chombo chenyewe kilikarabatiwa, kikaongezewa pezi la tatu, kikaitwa M2-F3, kikaruka tena. Baadaye kilipelekwa kwenye makumbusho ya anga huko Washington. Chuma kilijengwa upya na jicho halikujengwa. Naisifu kazi ya wahariri wa kipindi, lakini pale mwanzoni huwa nakaa vibaya kwenye kiti.

Hata jicho la Austin lina historia ya kusikitisha. Katika riwaya ya Martin Caidin, Cyborg, ya mwaka 1972, ambamo kipindi kilichimbuliwa, jicho lile ni kamera tu. Linapiga picha na halioni kitu. Walioipeleka hadithi kwenye televisheni ndio waliolipatia uoni, na mkono wa chuma wakauhamisha kutoka kushoto kwenda kulia. Nadhani walifanya vyema. Mtu kipofu wa jicho moja anayebeba kamera ya serikali kichwani ni hadithi nyingine, nzito zaidi, na kaka yangu asingeicheza uani.

Kisha akaja Jaime Sommers, mchumba wa Austin, mchezaji wa tenisi aliyeanguka na mwavuli wa kurukia. Kenneth Johnson alimwandika mwaka 1975 akamuua, na watazamaji wakaandika barua kwa hasira. Kwetu ilikuwa kanuni kwamba steringi hafi, kumbe na kule ilikuwa kanuni. Ikabidi afufuliwe, na Januari 1976 akapewa kipindi chake, The Bionic Woman, kilichompa Lindsay Wagner tuzo ya Emmy mwaka uliofuata. Johnson huyohuyo baadaye ndiye aliyetuletea lile jitu la kijani.

Mtaani kwetu, Superman alitudhuru. Alihitaji kanga ya mama shingoni na ukuta wa kurukia, na mvulana mmoja wa nyumba ya tatu alirudi na mkono kwenye plasta. Austin hakudai kitu. Hata aliyekuwa wa mwisho kila siku, mwenye pumu, mwenye viatu vya kurithi vinavyompwaya, aliweza kumwigiza barabara, maana kinachotakiwa ni kwenda taratibu na kupiga mlio kwa mdomo. Tulipanga mashindano kutoka mwarobaini hadi bombani. Watoto saba, magoti juu, mate yanaruka, tch-tch-tch-tch. Kaka alishikilia kwamba mshindi ni anayefika mwisho kwa sababu ndiye mwenye kasi zaidi. Mimi, niliyekuwa nimefika wa kwanza, nilisema kufika ni kufika. Tukavutana mpaka mama akatokea mlangoni na ndoo mbili tupu, akataka kujua ni nani kati yetu aliye mwepesi.