Pale Mkono Unaposita

Mhandisi ana programu inayofanya kazi vizuri. Inasoma joto kutoka kwenye kihisi, inalilinganisha na kiwango alichokiweka, na joto likizidi inawasha feni. Leo ameombwa aongeze jambo dogo: kabla ya kulinganisha, programu ichukue wastani wa vipimo 10 vya mwisho. Kwa lugha ya maandishi angeweka mistari michache na kuendelea na kazi nyingine. Lakini yeye anatumia LabVIEW, ambako programu huchorwa. Visanduku viwili vimekaa karibu karibu, na waya umepita katikati yao. Ili apate nafasi ya kisanduku cha tatu, anasogeza kimoja kulia. Nyaya zake zinajikunja na kupita juu ya nyaya nyingine. Anazinyoosha. Sasa fremu iliyozunguka kazi yote imekuwa ndogo, anaivuta ipanuke, nayo inafunika kilichokuwa pembeni. Mkono unasita juu ya kipanya.

Wapo watu ambao ufundi wao ni kuuona msito huo. Wanauona, wanaeleza kilichousababisha, kisha wanapendekeza kitakachouondoa. Huwa nawasoma na kuwatazama watu hawa kwa heshima ileile ninayompa seremala anayepitisha kidole kwenye ubao na kujua panapohitaji randa. Kazi yao inadai uvumilivu ambao wengi wetu hatuna. Tukikwama, tunalalamika, au tunazunguka tatizo hadi tunalizoea.

LabVIEW ilitolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Jeff Kodosky, aliyeongoza ubunifu wake, alikuwa na hoja inayoeleweka: wahandisi na wanasayansi wamezoea kuchora saketi, basi waachwe wachore na programu zao. Kila kazi ni kisanduku chenye picha, na data hupita kwenye nyaya kama umeme. Waya wa rangi ya chungwa hubeba namba zenye desimali, wa buluu namba kamili, wa kijani hubeba ndiyo au hapana, wa waridi maandishi. Ukiunganisha visivyopatana, waya hugeuka vistari vyeusi vilivyokatika, na mshale wa kuendeshea programu nao huonekana umevunjika. Kosa unaliona kabla hujaiendesha programu.

Wengi waliamini kwamba programu iliyochorwa lazima iwe rahisi kusomeka, kwa kuwa macho hupokea picha upesi. Mwaka 1991 Thomas Green, Marian Petre na Rachel Bellamy waliamua kupima badala ya kuamini. Waliwapa watu programu zenye masharti, nyingine za michoro ya LabVIEW na nyingine za maandishi, wakawauliza maswali juu yake. Waliosoma michoro walichukua muda mrefu zaidi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1996, Green na Petre walichapisha makala ndefu iliyochambua mazingira ya programu za kuchora. Humo walisimulia jaribio jingine: programu ndogo ya kukokotoa njia ya roketi iliandikwa kwa Basic, lugha ya maandishi, ikachorwa kwa Prograph, lugha nyingine ya michoro, na kwa LabVIEW, kisha zote tatu zikafanyiwa mabadiliko yaleyale. Kwenye LabVIEW kazi hiyo ilichukua muda karibu mara 8 ya ule uliotumika kwenye Basic.

Mtu mwingine angeishia hapo na kutangaza kwamba michoro imeshindwa. Green na Petre walifanya kazi ngumu zaidi: waliyapa matatizo majina. Walitaja vipimo zaidi ya 10 vya kuangalia jinsi chombo kinavyopatana na akili na mkono wa anayekitumia. Nitataja vitatu.

Cha kwanza ni mnato. Anayesonga ugali anaujua: maji yakiwa mengi mwiko unapita wenyewe, unga ukikolea bega zima linafanya kazi. Programu yenye mnato ni ile ambayo badiliko dogo katika wazo linadai kazi kubwa ya mkono. Mhandisi wetu alikuwa na wazo moja tu, wastani wa vipimo 10, lakini alilipia kwa kusogeza, kunyoosha na kupanua. Ugumu wake haukuwa kwenye hesabu. Ulikuwa kwenye ugali.

Cha pili ni kujifunga mapema. Fundi cherehani akilazimishwa kukata kitambaa kabla ya kumpima mteja, atakosea hata akiwa hodari. Mchoraji wa programu naye huamua mahali pa kuweka kisanduku cha kwanza kabla ya kujua vitafuata vingapi. Nusu ya vurugu tunayoiona kwenye michoro ya wanaoanza si uzembe wao. Waliombwa kukata kabla ya kupima.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote: maana inayowekwa pembeni ya sheria za lugha. LabVIEW haijali kama visanduku viwili vimekaa jirani au vimetengana. Programu itaendeshwa vilevile. Lakini mtaalamu huweka pamoja vinavyohusiana, huacha nafasi tupu panapobadilika hoja, na huzipanga nyaya zitiririke kutoka kushoto kwenda kulia. Petre alionyesha kwamba hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana sana na wanaoanza. Mtaalamu anausoma mpangilio kama msikilizaji anavyousoma mkato wa sauti ya msemaji. Anayeanza anaona visanduku tu.

Majina haya yana faida gani? Anayesema "programu hii inasumbua" hajampa mtengenezaji pa kuanzia. Anayesema "kuongeza kisanduku kimoja kunanilazimu kunyoosha nyaya tano, na ninafanya hivyo mara 20 kwa siku" ametaja mnato, amesema uko wapi, na amesema unamgharimu kiasi gani. Mtengenezaji anaweza kukaa mbele ya mashine na kuurudia msito uleule kwa mkono wake mwenyewe.

Tazama marekebisho yaliyoifikia LabVIEW kadiri miaka ilivyokwenda, utaona kwamba yaliyobaki na kupendwa yalijibu msito unaotajika. Kwa zaidi ya miaka 10 chombo hiki hakikuwa na amri ya Tendua. Ukifuta waya, umeufuta. Dawa ilikuwa kurudi kwenye faili uliyoihifadhi mara ya mwisho. Mtumiaji mwangalifu alihifadhi nakala yenye jina jipya kabla ya kila jaribio. Ulipotoka toleo la 5.0 mwaka 1998 lilikuja na Tendua ya hatua nyingi, na kilichobadilika hakikuwa kasi peke yake. Mtu asiyeogopa kuharibu hujaribu, na kujaribu ndiyo njia kuu ya kujifunza chombo.

Toleo la 8.6 la mwaka 2008 lilileta mawili kwa pamoja. La kwanza ni Quick Drop. Kabla yake, kwa kawaida kisanduku kilitafutwa kwenye menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, hata na mtu aliyelijua jina lake kwa moyo. Quick Drop humruhusu abonyeze vitufe viwili, aandike herufi za mwanzo za jina, kisha akiweke kisanduku anapotaka. Menyu zimebaki kwa mgeni ambaye hajui majina na anahitaji kuzurura ili aone kilichopo. Pendekezo hilo lilimpa mwenyeji njia ya mkato bila kuuvunja mlango wa mgeni.

La pili ni amri ya kusafisha mchoro: bonyeza mara moja, visanduku vyote vinajipanga na nyaya zote zinanyooka. Hii ndiyo tiba ya mnato ambayo wengi walikuwa wakiililia. Lakini kumbuka ile maana ya pembeni. Mtaalamu aliyetumia saa nzima kupanga nafasi zake, akibonyeza amri hiyo, hupata mchoro nadhifu usiosema tena alichotaka kusema. Kwa hiyo ikaja haja ya marekebisho juu ya marekebisho: kusafisha sehemu uliyoichagua tu, na kuziwekea baadhi ya fremu alama kwamba zisiguswe. Green alikuwa amekwisha kuonya kuhusu jambo hili. Vipimo vyake vinavutana, na ukilegeza kimoja huenda umekaza kingine. Fundi mzuri wa mapendekezo hujiuliza tiba yake itamwumiza nani kabla hajaitoa.

Methali yetu inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, na ndiyo maana mapendekezo bora hutoka kwa watu wanaolala ndani ya chombo kila siku. Lakini aliyelala humo miaka mingi naye huzoea kuumwa, na hujigeuza usingizini bila kujua. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimewahi kukaa kando ya mtu aliyefungua programu ya kuchora kwa mara ya kwanza, nikiwa nimejiahidi kufumba mdomo. Kidole changu kilitaka kuonyesha, ulimi ulitaka kusema "bonyeza pale". Kila niliponyamaza nilijifunza kitu: alidhani waya uliopita juu ya mwingine umeungana nao, alisubiri kitu kitokee wakati programu ilikuwa inamsubiri yeye. Ningesema neno moja, ningemsaidia yeye na kumnyima fundi ushahidi.

Kwa watoto, ufundi huu wa kuuona msito na kuuondoa umefika mbali. Mwaka 2006 LEGO ilitoa roboti za Mindstorms NXT ambazo programu yake ilijengwa juu ya LabVIEW, na mtoto akaanza kuziamuru mota kwa kuunganisha visanduku. Mwaka uliofuata kundi la Mitchel Resnick katika MIT lilitoa Scratch, ambamo nyaya hazipo kabisa. Kuna bloku za rangi zinazoshikana kama matofali ya LEGO. Umbo ndilo sheria. Bloku ya swali la ndiyo au hapana ina ncha pande zote mbili, na tundu lenye ncha halipokei bloku nyingine ila ya namna hiyo. Bloku ya kurudia ina mdomo unaotanuka kadiri unavyoulisha. Mtoto hapewi ujumbe wa kosa la sarufi, kwa sababu kipande kisichofaa hakishiki. Maelezo ambayo yangejaza ukurasa yamewekwa kwenye ukingo wa kipande cha plastiki ambacho hata hakipo.

Wala walioitengeneza Scratch hawakuacha kutazama. Katika matoleo ya mwanzo, ukiburuta bloku, mstari mweupe ulikuonyesha itakaposhika. Katika Scratch 3.0, iliyotoka Januari 2019, kivuli cha kijivu chenye umbo la bloku yenyewe hujitokeza, na bloku nyingine husogea kuipisha kabla hujaiachilia. Unaona matokeo kabla ya tendo. Jukwaa anapotembea paka, mhusika ambaye mtoto humwamuru kwa bloku, lilikuwa kulia mwa skrini. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lililihamishia kushoto, la 3.0 likalirudisha kulia. Bloku ya "daima kama" iliondolewa katika toleo la 2.0, kwa kuwa kazi yake ilifanywa na bloku ya "kama" ikiwekwa ndani ya "daima". Kukuomba uongeze, kila mtu anaweza. Kuondoa, au kurudi ulikotoka, kunahitaji mtu anayejali kazi kuliko jina lake.

Ukitaka nawe kutoa pendekezo la namna hii, anza na ulichokuwa unajaribu kufanya. Sema ulitarajia nini, na mkono ulisita wapi. Sema hutokea mara ngapi, na siku hizi unalizunguka vipi, kwa sababu njia ya kuzunguka humwonyesha mtengenezaji uzito wa tatizo. Mfikirie mtumiaji asiye wewe ambaye huenda kasoro yako ni nguzo yake. Tiba yako iweke mwisho, na uwe tayari kuona ikikataliwa huku ugonjwa ulioueleza ukitibiwa kwa dawa bora zaidi. Ukiona hivyo, ujue umefanya kazi yako.

Scratch ina Kiswahili pia, kwa jitihada za wafasiri wa kujitolea. Katika Kiingereza namba hutangulia jina la kinachohesabiwa, na kidirisha cha kujazia namba kwenye bloku ya kumtembeza paka kimekaa mbele ya neno la hatua. Kama kingegandishwa hapo, mtoto wa Tanga au Mombasa angelazimika kusoma namba kwanza na hatua baadaye, kinyume na anavyosema nyumbani. Lakini walioijenga waliacha alama ndogo ndani ya sentensi ya kila bloku, inayoshika nafasi ya kidirisha, na mfasiri anaweza kuihamisha popote lugha yake inapotaka. Basi mtoto hasiti. Anasoma hatua 10, anafuta 10, anaandika 100, na paka anasogea mbali zaidi jukwaani.