Mawingu kwenye Jalada: Kusoma Programu za Mazishi za Macalder

Kitabu kinachosomwa na watu wengi zaidi Macalder hakiuzwi popote. Kina kurasa nane, wakati mwingine kumi na mbili. Kimechapwa usiku kwenye saiba ya mjini Migori, na asubuhi vijana wa ukoo wanakigawa chini ya tenti kabla ibada haijaanza. Watu wanakiita programu, basi. Wanakisoma, wanajipepea nacho, halafu kinaenda nyumbani kukaa kwenye droo pamoja na Biblia na risiti za shule. Mimi ninazo programu kumi na moja. Mwezi huu nimezisoma tena zote, moja baada ya nyingine, jinsi mtu anavyosoma mkusanyiko wa hadithi fupi, na nina ugomvi nazo.

Tuanze na jalada. Kuna mawingu, kuna njiwa, na mwanga unatoka juu kushoto. Picha ya marehemu imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, hadi bega la jirani bado linaonekana. Chini yake kuna tarehe mbili, ya jua kuchomoza na ya jua kuzama, na tangazo kwamba amepandishwa cheo kwenda utukufuni. Awe mwalimu mkuu mstaafu au msee wa miaka 22 aliyetolewa shimoni, mawingu ni yale yale, maana saiba ina faili moja tu.

Ndani kuna tawasifu, kwa kawaida kwa Kiingereza, hata kama marehemu na nusu ya waombolezaji waliishi kwa Dholuo. Alizaliwa, akasoma, akabatizwa, akaoa, akaanza kazi. Kila tukio linapewa sentensi nzima yenye vivumishi. Kisha tunafika kwenye kifo, na ghafla mwandishi anabana maneno: alipata ajali akiwa kazini. Nukta. Aya inayofuata inasema Mungu alimpenda zaidi.

Hapa ndipo ninaposimama. Kwa Macalder, kazini ni wapi? Mgodi wa kampuni, wa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Ulichoacha ni mabaki ya mawe yaliyosagwa, mashimo, na watu wanaojua kwamba chini bado kuna kitu. Tangu hapo wanachimba kwa mikono, wanashikilia kuta kwa magogo, wanaosha mchanga, wanakamata dhahabu kwa zebaki. Mvua ikinyesha, udongo unalegea. Kila mtu aliyeketi chini ya tenti anajua shimo lilikuwa la nani, nani alikuwa zamu, na magogo yalikuwa na hali gani. Maandishi pekee yatakayobaki ya maisha yale hayajui. Na kama mwenye shimo ndiye aliyetoa jeneza, jina lake utalikuta ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani.

Mtu atasema hiyo ni imani, mwache mtu aende mbinguni kwa amani. Sawa, tuijadili imani basi, kwa sababu hoja yangu ni kwamba programu hizi si za Kikristo vya kutosha.

Angalia makanisa yenyewe ya upande huu wa ziwa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na fundisho lao liko wazi: aliyekufa amelala. Hajapanda popote. Yuko kaburini, hana habari, anangoja Kristo arudi na amwamshe. Mkatoliki anasema roho inaweza kupitia toharani, ndiyo maana misa za wafu zinaendelea kwa miaka baada ya tenti kukunjwa. Kisha kuna Legio Maria, walioachana na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Simeo Ondeto, ambaye kwao ni Masihi mwenyewe, alifariki mwaka 1991, na mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko humu humu Migori. Kwao utakatifu una njia ya kupanda kwa miguu, tena na vumbi.

Haya ni majibu matatu yanayogombana kuhusu swali moja: marehemu yuko wapi sasa hivi? Lakini ukichukua programu ya Mwadventista, utakuta mawingu na kupandishwa cheo. Ya Mkatoliki, mawingu. Kila kanisa limebishana na lingine kwa zaidi ya miaka mia, kisha likamwachia fundi wa saiba aandike jibu.

Na kuna jambo moja ambalo makanisa haya yote yanakubaliana nalo, ndilo faili la saiba limelisahau kabisa. Tumaini lao la mwisho ni ufufuo wa mwili. Si roho peke yake kuelea juu ya mawingu. Ni mwili huu, wenye goti lililoumia na vidole vilivyoliwa na zebaki. Ayubu, akiwa amekaa na majipu yake, anatangaza kwamba atamwona Mungu akiwa na mwili wake mwenyewe. Ukristo wa hivyo unajali sana mifupa iko wapi.

Wajaluo nao wanajali. Kesi ya S. M. Otieno unaijua hata kama hukuwa umezaliwa. Wakili alifariki Nairobi mnamo Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, akataka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ukamtaka nyumbani. Mwili ulikaa mochari miezi mitano hadi Mei 1987, ulipozikwa Nyalgunga, Siaya. Tumezoea kuisoma kesi hiyo kama vita kati ya mila na Ukristo wa kisasa. Mimi naisoma tofauti. Ukoo ulitenda vibaya kwa mjane, hilo silitetei. Lakini wazo kwamba mwili si kasha tupu, kwamba mtu bado ana uhusiano na udongo wa kwao, liko karibu zaidi na fundisho la ufufuo kuliko njiwa yeyote wa kwenye jalada.

Ndiyo maana mwili usipopatikana, kama ziwa limeumeza, desturi inataka lizikwe tunda la yago badala yake. Lazima kitu chenye uzito kiingie ardhini. Na ndiyo maana mgodi wa Abimbo, Siaya, ulipoporomoka Desemba 2021 na mchimbaji mmoja akabaki chini, hadithi haikuisha kwa kusema roho yake imeshafika. Ilichukua miezi saba hivi hadi mwili wake kutolewa, Julai 2022. Miezi saba kwa ajili ya mwili. Sijui tamko la imani lililo wazi kuliko hilo, na halina kivumishi hata kimoja.

Kuna kosa la zamani zaidi lililotufikisha hapa, nalo ni la tafsiri. Katika Dholuo, jachien alikuwa mzimu wa marehemu mwenye malalamiko: aliyedhulumiwa, aliyezikwa vibaya, anayerudi kusumbua hadi mambo yarekebishwe. Biblia ya Dholuo ikalichukua jina hilo ikampa Ibilisi. Fikiria matokeo yake. Marehemu mwenye kesi, mwenye haki ya kuudhika, akageuzwa kuwa Shetani. Kiswahili nacho kina hatia yake: kuzimu, neno lenye mzizi mmoja na mizimu ya wahenga, sasa tunalisikia kama jina la adhabu. Tukabaki na aina moja tu ya marehemu mwema, yule aliyenyamaza na kutabasamu juu ya mawingu.

Lakini Biblia yenyewe haimjui marehemu huyo peke yake. Katika Mwanzo, damu ya Habili inalia kutoka ardhini, na Mungu ndiye anayeisikia. Katika Ufunuo, waliouawa wako chini ya madhabahu wakiuliza kwa sauti kuu haki yao itacheleweshwa hadi lini. Wako salama, wamevikwa mavazi meupe, na bado wanadai. Kwa kitabu kinachozikia wachimba migodi, sauti inayotoka chini ya ardhi ilistahili angalau aya moja.

Najua jibu la ugomvi wangu. Mama aliyefiwa hahitaji mhakiki. Programu inaandikwa kwa siku mbili, kwa pesa za harambee, na watu ambao hawajalala. Maneno yaliyozoeleka yanamshika mtu asianguke, na nimewahi kuyashika mimi mwenyewe. Sisemi tuyafute yote. Mbingu iwepo, na nyimbo za Dholuo ziwepo, ambazo mara nyingi ndizo maandishi bora zaidi katika kitini kizima. Ninachokataa ni mbingu inayotumika kufunika shimo. Faraja inayotaka tusiseme mtu alikufaje inamsaidia mwenye shimo kuliko inavyomsaidia mama.

Katika programu zangu kumi na moja, moja imejaribu. Ina mawingu kama nyingine. Lakini kwenye ukurasa wa nne, katikati ya Kiingereza cha saiba, kuna sentensi mbili za Dholuo zilizoongezwa na ndugu yake marehemu. Zinasema mvua ilinyesha siku tatu, kwamba aliwaambia wenzake magogo yameoza, na kwamba waliomchimbua walitumia mikono kwa sababu waliogopa kumkata kwa jembe. Kisha tawasifu inaendelea na mwaka wa ubatizo. Hiyo ndiyo programu niliyoirudia mara tatu.

Nawaandikia nyinyi kwa sababu moja. Ukienda ocha kwa mazishi, familia itamtafuta yule mwenye laptop, na utakuwa wewe. Utaletewa tarehe, majina ya shangazi, na faili lenye mawingu. Kabla hujaanza kuchapa, uliza nani alikuwa zamu siku ile, ukae chini umsikilize.