Nyota Inapozimika Ghafla

Mwezi mchanga umeinama magharibi, na ile sehemu yake isiyopigwa na jua inaonekana kwa unyonge, kama chungu cheusi gizani. Mtazamaji ameliweka jicho kwenye darubini. Kando yake redio ya kutangaza saa inalia kila sekunde, na kinasa sauti kimewashwa. Anaiangalia nyota moja tu, iliyo karibu kabisa na ukingo wenye giza. Mwezi unasogea angani kiasi cha kilomita moja kwa sekunde. Unaikaribia nyota, unazidi kuikaribia, halafu mtu yule anasema kwa sauti: imezama! Kesho ataisikiliza sauti yake juu ya milio ya redio, na atapunguza ule muda mfupi ambao jicho na ulimi wake huchelewa, pengine theluthi ya sekunde. Fundi wa kazi hii hupima nyota, lakini kwanza amejipima mwenyewe.

Watu waliozoea kusubiri mwezi uandame wataielewa subira hiyo bila kuelezwa. Linalostahili sifa zaidi ni hoja iliyomo ndani yake. Nyota haikufifia, wala haikuwa nyekundu kama jua la machweo. Ilikatika kama kibatari kilichopulizwa, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwezi ungekuwa na hewa nzito, mwanga wa nyota ungepinda na kusambaa ndani ya hewa hiyo, na nyota ingepungua taratibu mithili ya chemli inayoshushwa utambi. Roger Bošković, padri Mjesuti na mwanahisabati mzaliwa wa Dubrovnik, alichapisha mwaka 1753 maandishi kuhusu jambo hilihili, akitetea kwamba Mwezi hauna angahewa kama yetu. Ilikuwa miaka 30 kabla ya puto la kwanza kumwinua binadamu kutoka ardhini.

Kwa nini Mwezi hauna hewa? Jibu lilikomaa mwishoni mwa karne ya 19, na mmoja wa waliolifanyia kazi ni George Johnstone Stoney wa Ireland, yuleyule aliyeipa elektroni jina lake. Hewa ni umati wa molekuli zisizotulia. Joto likizidi, mwendo wa molekuli unazidi, na katika umati huo daima zimo chache zinazokimbia kuliko nyingine. Kitu kinachotaka kuponyoka duniani kinahitaji kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Mwezini kinahitaji 2.4 tu, na mchana wa huko joto hupita nyuzi 100 za Selsiasi. Basi molekuli zenye mbio huvuka na kwenda zake, zilizobaki hugongana, nyingine hupata mbio, nazo huvuka. Miaka milioni ni mingi mno kwa uvujaji wa namna hii. Upepo wa jua nao huchukua chake. Leo juu ya uso wa Mwezi zimebaki chembe za heliamu, agoni na nyinginezo, chache kiasi kwamba ni nadra moja kuigonga nyingine.

Ila uzito peke yake haumalizi kesi. Titan, mwezi wa Zohali, unaweza kuponyokwa kwa kasi ya kilomita 2.6 tu kwa sekunde, karibu sawa na Mwezi wetu, lakini hewa yake inakandamiza ardhi mara moja na nusu kuliko yetu. Gerard Kuiper aliitambua methani yake mwaka 1944. Siri kubwa ni baridi: nyuzi 180 chini ya sifuri, ambako nitrojeni haina mbio za kutorokea. Hata hivyo Ganymede, mwezi wa Mshtarii ulio mkubwa kuliko Titan, hauna angahewa ya namna hiyo. Kila gimba lina nasaba yake, barafu liliyozaliwa nayo na mapigo liliyopata, na hesabu ya kasi haiwezi kusimulia yote hayo.

Mirihi ilipimwa kwa ufundi uleule wa mtazamaji wa nyota, ila badala ya nyota palikuwa na redio. Julai 1965 chombo Mariner 4 kilipita nyuma ya sayari hiyo, na mawimbi yake yalipopenya hewa ya ukingoni yalionyesha kanieneo isiyofika asilimia 1 ya ile ya duniani. Baadaye chombo MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kilikuta Mirihi bado inavuja: takribani gramu 100 kwa sekunde, kama konzi la unga linalorushwa angani bila kukoma.

Tarehe 9 Juni 1988, ndege iliyobeba darubini iliruka usiku juu ya Pasifiki ya kusini ili ipite ndani ya kivuli cha Pluto. James Elliot na wenzake walikuwa wakisubiri nyota ifunikwe, na nyota ile ikazimika taratibu, utambi ukishuka. Pluto, yenye uvutano mdogo kuliko Mwezi, ilikuwa na hewa! Ni nyembamba sana, mvuke wa barafu yake ya nitrojeni.

Swali likabaki kwa mwezi wake, Charon: je, nao una hewa? Mwaka 1980 Alistair Walker, akiwa Sutherland, Afrika Kusini, alikuwa ameiona nyota ikifichwa na Charon kwa sekunde 50. Nafasi iliyofuata ya kuipima ilichukua miaka 25 kufika. Julai 2005 darubini kadhaa za Amerika Kusini zilielekezwa kwenye nyota moja hafifu, na kamera zikaanza kuhesabu mwanga wake mara nyingi ndani ya kila dakika. Nyota ikakatika. Haikufika dakika moja ikarudi, ghafla vilevile, na kwenye ukingo wa kuzama na wa kuibuka hapakuonekana alama yoyote ya hewa.