Jani Limenywea, Tatizo Liko Chunguni

Okidi ya nyumbani ikianza kunywea majani, mkono wa kwanza huenda kwenye kata ya maji. Kisiwani Pemba, mara nyingi mkono huo ndio unaoimaliza. Jani nene la Phalaenopsis, okidi inayouzwa sana duniani kwa ajili ya kupamba nyumba, huingia mikunjo na kulegea linapokosa maji. Lakini hukosa maji kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo: chungu kimekauka, au chungu kimelowa kwa muda mrefu hadi mizizi ikaoza na mmea ukakosa cha kunywea. Kwa juu mimea hiyo miwili haitofautiki. Anayeangalia jani peke yake atakosea nusu ya safari zake.

Kisiwa hiki kinalijua tatizo la namna hiyo kwa zao lake kuu. Mkarafuu uliopatwa na kifo cha ghafla hupauka kidogo, hupukutisha baadhi ya majani, kisha hunyauka wote kwa siku chache, majani makavu yakibaki yananing'inia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti F. J. Nutman na F. M. Roberts waliueleza ukungu wa Valsa eugeniae, wakauhusisha na ugonjwa huo. Uharibifu huanzia chini, kwenye mizizi midogo inayofyonza maji. Mkulima anapoona jani limebadilika, mengi yameshatokea ardhini.

Okidi nayo huchelewa kusema. Phalaenopsis hufungua vinyweleo vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, tena huweka akiba ya maji ndani ya jani lenyewe. Kwa hiyo hupoteza maji polepole, na jani linaweza kubaki limejaa kwa wiki kadhaa baada ya mizizi kuanza kufa. Mikunjo ikionekana, kosa lilishatokea zamani, nalo ndilo la kutafutwa.

Porini, katika misitu ya Ufilipino na Indonesia, mmea huu haukai udongoni. Hushika magome ya miti, mizizi ikiwa wazi kwenye upepo. Kila mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, laini kama sponji, linaloitwa velameni. Likiwa kavu hujaa hewa na kung'aa rangi ya fedha. Likilowa, rangi ya kijani iliyo ndani huonekana. Tabaka hilo hunywa upesi na linahitaji kukauka upesi. Lakini Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika, Machi hadi Mei, na usiku wa kisiwani hauna baridi ya maana. Katika joto mzizi huhitaji oksijeni nyingi zaidi, ilhali maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo zaidi. Kopo la plastiki lililojazwa udongo wa shamba, likaachwa barazani masika nzima, huukaba mzizi hadi ukafa.

Waingereza wa karne ya 19 walilipia somo hili kwa maelfu ya mimea. Waliamini kwamba okidi ya nchi za joto inataka nyumba ya vioo iliyofungwa, yenye mvuke na joto kali, nazo zikafa. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, alikuwa miongoni mwa waliofungua madirisha na kuacha hewa ipite, na mimea ikastawi. Pemba upepo wa kusi na kaskazi huifanya kazi hiyo bure, mradi chungu kiuruhusu kupita.

Si kila doa linatoka mzizini. Jani moja la chini kabisa likigeuka njano taratibu, huo ni uzee. Baka jeupe linalokauka na kuwa hudhurungi upande unaoelekea jua ni kuungua, na dawa yake ni kivuli. Doa jeusi lenye majimaji linalotanuka kila siku ni bakteria: likatwe haraka pamoja na sehemu yenye afya ya jani inayolizunguka, kwa wembe uliopitishwa motoni.

Ncha za majani zilizoungua zinahitaji uchunguzi wa kipwani hasa. Makumbi ya nazi ni kitu bora cha kupandia okidi, na Pemba hayanunuliwi kwa bei kubwa. Lakini makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani ili kupata usumba wa kusokotea kamba yamejaa chumvi, na hata yale ya shambani huwa na chumvi kiasi. Yakitiwa chunguni vile yalivyo, ncha za mizizi huungua kwanza, kisha ncha za majani. Yakatwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yalowekwe kwenye maji ya mvua, na maji yabadilishwe mpaka yaache kuwa meusi. Kisima kilicho karibu na bahari kisitumike kwa kazi hii.

Mizizi ikiwa imeoza, kuhamishia mmea kwenye chungu kipya ni kazi ya asubuhi moja. Mmea hulowekwa kidogo ili mizizi ilainike, kisha hutolewa na kila mzizi kubonyezwa. Ulio hai ni mgumu. Uliokufa ni mtupu ndani, na ukivutwa ganda huchomoka na kuacha uzi mwembamba; huo hukatwa. Unga wa mdalasini, ambao ni zao la kisiwa hiki, husaidia kuzuia ukungu kwenye kidonda, lakini upakwe pale palipokatwa tu, kwa sababu hukausha mzizi ulio hai. Mmea uachwe kivulini hadi vidonda vikauke.

Chungu kipya kiwe kidogo, kinachoienea mizizi iliyobaki na si zaidi. Kwa okidi ndogo, kifuu kilichotobolewa matundu mengi kinatosha kabisa. Vipande vya makumbi vichanganywe na mkaa, shina likae juu ya vipande hivyo, na kijiti kiushikilie mmea usitikisike. Maji yasubiri siku tatu au nne. Wakati mzuri wa kuhamisha ni pale ncha mpya za kijani zinapochomoza kwenye mizizi, na masika ikishapita.

Majani yaliyokunjamana huenda yasinyooke tena hata mmea ukipona. Kinachostahili kuangaliwa ni jani jipya la katikati: likitoka gumu na kupita urefu wa yale ya zamani, mbolea nyepesi inaweza kuanza kutiwa.